Siku Matangazo Yalipotokea Stoo

Bhoke, wewe uliyekalia kiti changu sasa, uliniomba kabla sijaondoka nikuandikie namna ya kuwasha mitambo umeme ukirudi. Hiyo nimeibandika ukutani nyuma ya transmita, na ukiifuata haitakusumbua. Juzi ukanipigia simu na swali lingine: kompyuta za kituo zinaleta ujumbe kila asubuhi kwamba mfumo wake unakaribia kuachwa na walioutengeneza, je, ubadilishe au usubiri? Nikakuambia nitakuandikia, nikakata simu, maana jibu lake lisingetosha kwenye vocha niliyokuwa nayo. Sasa ninao muda. Mke wangu anasema ninao kupita kiasi, na ameanza kunitafutia vitu vya kutengeneza ambavyo havijaharibika.

Ufundi nilijifunza sokoni Tarime kwa marehemu Otieno, aliyekuwa na meza yake mbele ya duka la vitenge. Dhahabu ilikuwa imewaita watu kutoka kila upande, na kila kijana aliyepata kidogo alinunua kwanza redio, tena iliyomzidi jirani yake kelele. Zilipoletwa kwetu zilikuwa zimejaa vumbi la mawe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyapangusa matumbo ya redio kwa brashi ya kupakia rangi. Otieno hakunikabidhi bisibisi mpaka alipohakikisha nimeacha tabia ya kufungua kila kitu kwa kutaka kuona ndani.

"Omera, inacheza?" aliniuliza, akiniita ndugu kwa Kijaluo chake, akinikuta nimeinamia redio ya mtu.

"Inacheza."

"Sasa unamfungulia nini?"

Nikaishi na swali hilo miaka mingi. Mimi si mtu wa kubadilisha kitu kinachofanya kazi, na nataka ulijue hilo mapema ili usishangae huko mbele.

Kituo chetu cha redio kilipofunguliwa pale Nkende, niliitwa asubuhi kurekebisha waya wa maiki. Jioni nilikuwa bado nipo, na sikuondoka mpaka mwaka huu. Siku hiyo ya kwanza mtangazaji aliongea kwa furaha sana kumbe transmita haijawashwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Alipomaliza tulimpigia makofi, nikaenda kuiwasha kimyakimya, kisha tukamwomba arudie kwa sababu "wasikilizaji wameipenda".

Ghati alikuja baadaye kidogo. Wewe unamjua akiwa mtu mzima mwenye kiti chake na kikombe chake ambacho hakiguswi. Wakati huo alikuwa msichana mwembamba mwenye fimbo nyeupe, ameletwa na mdogo wake Mwita. Macho yaliondoka na surua akiwa mtoto, akasoma shule ya bweni, akajua nukta nundu na kibodi kuliko sisi wote. Alinisalimu shikamoo, kisha akaniomba nimtembeze studio nzima aguse kila kifaa. Kila alichogusa aliuliza kinafanya nini. Nikimjibu, aliuliza tena: "Na kikifa, tunafanyaje?" Katika watu wote walioajiriwa pale, mameneja wakiwemo, yeye peke yake ndiye aliyeuliza hilo siku ya kwanza. Nikajua tutaelewana.

Kipindi chake kiliitwa Unatafutwa Nyumbani, na bila machimbo kisingekuwepo. Vijana walitoka Shinyanga, Geita, hata Kisii ng'ambo ya mpaka, Kenya, wakaingia kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, huku upande wa Kewanja, na wengine wakasahau kurudi. Mama zao walituma ujumbe kwenye namba ya kituo. Ujumbe uliingia moja kwa moja kwenye kompyuta, na Ghati, hedifoni sikio moja, alisomewa na kompyuta kisha akausema hewani kama vile anaongea na huyo kijana mwenyewe. "Chacha wa Morotonga, mama yako amevuna mtama peke yake mwaka huu. Anasema hakudai kitu. Nenda umsalimu tu, mura." Nimewahi kuona mwanaume mzima, mikono ina matope makavu mpaka kwenye viwiko, amesimama nje ya geti letu anauliza gari la kwenda Mugumu linaondoka saa ngapi.

Programu iliyomsomea Ghati ilikuwa ya zamani, na ilijua Kiingereza tu. Kwa hiyo Kiswahili ilikisoma kwa mdomo wa Kiingereza, tena kwa kasi ambayo mimi nilisikia kama nyuki kwenye kopo. Bhoke, jina lako ilikuwa ikilisoma "Bouk". Kewanja ikawa Kiwanja, na siku za mwanzo tulimtangaza mbuzi aliyepotea kiwanjani, watu wakapiga simu kuuliza kiwanja kipi. Lakini Ghati aliizoea. Aliiita Mzungu wangu, na baada ya muda alimwelewa yule Mzungu kuliko alivyomwelewa meneja.

Meneja wetu naye aliitwa Chacha, mtu mwema mwenye haraka. Alipenda kila kitu kipya, na mimi nilipenda kila kitu cha zamani, kwa hiyo kituo kilienda mwendo wa kati.

Kisha radi ikapiga. Haikupiga mnara, ambao una kinga; ilipita kwenye nyaya za umeme ikaua miksa, ile meza ya kuunganisha maiki na muziki. Niliifungua nikakuta ndani kumeungua kama jiko la mama ntilie. Tukaazima miksa ya kwaya ya kanisa jirani kwa sharti kwamba kila siku ya mazoezi na kila Jumapili irudi. Kwa kipindi kile nadhani nilikuwa Mwislamu pekee wa Tarime aliyeijua ratiba ya kwaya kwa moyo, pamoja na beti mbili tatu.

Wafadhili wakatuletea miksa mpya. Ilikuwa nzuri, taa kama za harusini, na inaunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja tu. Nikauchomeka waya. Kompyuta ikaniambia haiitambui. Nikatafuta draiva yake, yaani ile programu ya kuvitambulisha vifaa, nikakuta imeandikwa wazi: mfumo wetu ni wa zamani, tuweke mpya. Na programu ya Ghati, mwaka uleule, nilikuwa nimesoma kwamba haitakubali mfumo mpya kamwe. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeshafunga.

Nikaenda Sirari mpakani kutafuta miksa ya zamani ya mtumba. Fundi mmoja wa ng'ambo aliiangalia picha niliyomwonyesha kwenye simu akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, hiyo maneno ya zamani wachana nayo. Hiyo hata spea hakuna. Wewe piga Windows mpya uendelee na life." Nikarudi Tarime na chupa ya maji ya kunywa tu.

Chacha akaitisha kikao. Tulikaa watu watatu studio: yeye, mimi, na Ghati aliyekuwa anamalizia chai yake.

"Hakuna cha kujadili," Chacha akasema. "Tunabadilisha zote leo. Dunia inaenda mbele, fundi."

"Dunia iende. Ghati atafanyaje?"

"Ghati tutamtafutia mtu wa kumsomea."

"Kipindi cha saa nzima, mtu anamnong'oneza sikioni? Mimi nasema kompyuta ya Ghati ibaki ilivyo. Tuiweke pembeni, tuitoe kwenye mtandao isipate virusi, atumie na miksa ya kwaya."

"Miksa ya kwaya si yetu!"

"Basi tuinunue kwao."

Tuliendelea hivyo, sauti zikipanda, mpaka tukasikia kikombe kimewekwa mezani kwa nguvu.

"Mimi nipo hapa," Ghati akasema. "Mnanijadili kama ng'ombe wa mahari na nimekaa katikati yenu."

Chacha akaangalia dari.

"Wewe meneja unataka nisomewe. Wewe fundi unataka niwekwe pembeni na mashine ya kizee, kama kuku anayeatamia. Siku ikifa hiyo mashine, na mimi nimekufa nayo. Au sivyo?"

Ilikuwa ndivyo.

"Nipeni mashine moja yenye mfumo mpya. Fundi atafute programu nyingine ya kusoma, nijaribu mpaka mnada ujao wa ng'ombe. Nikishindwa nitasema nimeshindwa. Nikiweza nitasema nimeweza. Kabla ya hapo asiguse mtu kitu."

Kikao kikaisha.

Mashine ya majaribio niliiweka stoo, kati ya kanda za zamani na ndoo ya kufagilia, maana hakukuwa na chumba kingine. Nikaweka mfumo mpya, nikaunganisha na ile miksa mpya pamoja na maiki ya kujaribia, ikaitikia mara moja, taa zote zikawaka. Nikakiri moyoni kwamba ni kitu kizuri. Kisha nikapata programu ya bure ya kusoma skrini, na hii ilijua Kiswahili. Nilidhani nimemaliza kazi.

Ghati akavaa hedifoni, akasikiliza, akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka.

"Anaongeaje huyu?"

"Kiswahili."

"Kiswahili cha bati."

Sauti ilikuwa kavu, imenyooka, haina kupanda wala kushuka. Alimpa jina la Karani. Karani alisoma vizuri maneno ya vitabuni, lakini majina ya huku yalimshinda. Siku ya pili tu aliimeza N ya Nkende, na neno lililobaki siwezi kuliandika hapa. Ghati alicheka hadi akatoa machozi, akaniita nisikilize, nami nikacheka, na mhasibu akaja kuuliza kuna nini stoo tukamwambia hakuna kitu. Tukagundua kuna mahali pa kuifundisha programu: unaandika neno, kisha unaandika linavyotakiwa kusikika. Ghati akaanza kumfundisha Karani vijiji, kimoja baada ya kingine, na majina ya watu, akibishana naye kwa Kikurya.

Lakini si kucheka tu. Vidole vyake vilikuwa vimezoea njia za zamani. Alikobonyeza kufungua ujumbe, sasa kulifunga programu. Alikokuwa anasoma kwa kasi ya nyuki, sasa alienda kama anapanda mlima na mzigo. Alasiri moja niliingia nikamkuta amevua hedifoni, mikono juu ya mapaja.

"Fundi, unajua ilinichukua muda gani kumzoea Mzungu?"

"Muda mrefu."

"Nilikuwa mdogo wakati ule. Kichwa kilikuwa chepesi." Akachukua fimbo yake. "Mwita anasema niache niende nikakae nao huko Kewanja, nimsaidie wifi kuuza chakula. Anasema redio imeanza kunitafutia sababu."

Huyo Mwita ndiye yule mdogo wake aliyemleta siku ya kwanza. Alikuwa ameacha shamba na kuingia maduarani, jambo ambalo Ghati hakulipenda, na kila walipoongea kwa simu walimalizia kwa kugombana. Nilitaka kumwambia Ghati asimsikilize, lakini nilikumbuka kikao, nikamuuliza badala yake:

"Wewe unasemaje?"

"Nasema leo naenda nyumbani."

Akaenda. Kesho yake asubuhi alinitangulia kufika. Nilimkuta stoo akimgombeza Karani.

Sasa ifike ile siku. Mnada ulikuwa bado. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, na mchana, Ghati akiwa studio na Mzungu wake kwenye mashine ya zamani, ujumbe wa kwanza ukaingia. Ulitoka kwa Wambura, mwandishi wetu wa Kewanja, kijana wa pikipiki. Duara limeporomoka. Watu wamo chini.

Bhoke, hujawahi kuona kituo kikiwa hivyo, na naomba usione. Simu zote ziliita kwa pamoja. Kila mwenye ndugu huko alitaka kujua, na hewani hakukuwa na pengine pa kuuliza ila kwetu. Wambura alisimama pale pale mdomoni mwa duara, na kila aliyetolewa alimuuliza jina na kwao, akatuma. Ghati akaanza kusoma. Akasoma wa kwanza, akasoma wa pili, na hapo ile kompyuta ya zamani ikaganda.

Niliizima nikaiwasha. Ikaja, ikaganda tena. Siku ile ile asubuhi mtu alikuwa amechomeka flashi yenye muziki kutoka kwenye vibanda vya machimboni, na virusi walioingia nayo mfumo wetu haukuwa tena na kinga dhidi yao. Mzungu akawa kimya.

Chacha akavuta kiti. "Wambura anitumie kwenye simu yangu, nikusomee." Na kweli alianza, maskini. Lakini akisoma jina, simu nyingine inaita, mama analia, Chacha anamjibu mama, anasahau alipoishia, anarudia jina lilelile. Ghati akaweka wimbo hewani, akasimama.

"Fundi, nihamishie stoo."

"Ile haijawahi kwenda hewani, Ghati."

"Ujumbe unaingia kule?"

"Unaingia."

"Karani anasoma?"

"Anasoma."

"Basi nihamishie."

Maneno yote ya Otieno yalinijia kichwani, na hakuna hata moja lililonisaidia, kwa sababu kilichokuwa kinacheza kilikuwa kimeacha kucheza. Nikaukamata waya unaokwenda kwenye transmita nikauchomoa kwenye miksa ya kwaya. Hewani kukawa kimya. Nikauvuta chini ya mlango, kando ya ukuta, hadi stoo, nikakosea tundu mara ya kwanza. Nikauchomeka kwenye ile miksa yenye taa za harusi. Ghati alikuwa ameshakaa, goti moja limeegemea ndoo.

"Tupo?" akauliza.

Nilikuwa na redio ndogo mfukoni. Nikaiweka sikioni, nikasikia "Tupo?" ikirudi kutoka kwenye mnara.

"Tupo."

Akaanza. Jina, baba, kijiji, hali. Ametoka mzima. Ametoka, ameumia mguu, anapelekwa hospitali. Hakukuwa na haraka katika sauti yake na hakukuwa na kilio. Mtu yeyote aliyekuwa anasikiliza shambani au sokoni angeweza kushika jina lake na kulielewa. Karani alijikwaa kwenye vijiji viwili ambavyo hakuwa amefundishwa; Ghati alirudisha nyuma, akasikiliza mara ya pili, akavitamka sawasawa.

Chacha akaja mlangoni na karatasi aliyoibandua kwenye chupa ya maji na kuandika jambo, akakumbuka anayempelekea hawezi kuisoma, akanipa mimi. Iliandikwa: Mwita alikuwa zamu. Simu yake haipatikani.

Nikamwangalia Ghati. Niliona usoni mwake kwamba alikuwa anajua tangu ujumbe wa kwanza. Duara lililoporomoka lilikuwa limetajwa, na yeye alilijua duara la mdogo wake.

Akaendelea kusoma. Nikamwona ameacha kusoma, kidole juu ya kibodi. Akabonyeza kurudia. Akabonyeza tena. Redio yangu ya mfukoni ilikuwa kimya. Unajua huku Mwita ni wengi kuliko miti. Ukitangaza Mwita ametoka, akina mama wa nusu ya wilaya watashukuru. Wambura alilijua hilo, kwa hiyo alikuwa ameandika ili watu wamjue ni Mwita yupi. Ghati akakaribia maiki.

"Mwita," akasema, "yule ambaye dada yake anatangaza redioni. Ametoka mzima."

Akabonyeza kwenda kwenye ujumbe uliofuata.

"Anayefuata ni Marwa Nyangi wa Mugumu. Mama Marwa, kama unanisikia, na huyu ametoka. Ameumia bega."

Alisoma mpaka Wambura alipotuma kwamba waliobaki wanatafutwa na jioni imeanza kuingia. Wawili hawakutoka siku ile, na majina yao Ghati hakuyataja hewani mpaka ndugu zao walipofikiwa. Hilo nalo ulijue, ni utaratibu wake yeye, na ndio tunaoufuata hadi leo.

Mwita alifika kabla ya magharibi akiwa nyuma ya pikipiki ya Wambura, mweupe kwa tope kavu la mawe kama aliyepakwa unga. Alisimama mlangoni pa stoo. Ghati alisikia hatua zake akageuka.

"Kaoge," akamwambia. "Unachafua studio."

"Hii ni stoo, dada."

"Kaoge hata hivyo."

Lakini alikuwa ameshamshika kifundo cha mkono, na hakumwachia. Mimi na Wambura tukatoka nje tukazungumza habari za pikipiki, ambazo hakuna kati yetu aliyekuwa anazisikiliza.

Asubuhi iliyofuata, Chacha, ambaye hakuwahi kuona tukio lisilohitaji kikao, akatuita tena watu watatu. Akajikohoza. Akasema kutokana na yaliyotokea jana, na kwa kuzingatia maoni ya pande zote, ni vizuri sasa kituo kifikie uamuzi kuhusu suala la mfumo.

Ghati alikuwa anakoroga chai.

"Mimi nimeshaamua tangu jana," akasema. "Nyie malizieni kikao."

Nikachukua diski, nikaenda kubadilisha kompyuta moja baada ya nyingine. Nilianza na ya meneja, Bhoke, na wewe nakushauri uanze na hiyo. Ikigoma, matangazo hayatasimama.